Ziwa Marion: samaki wa kiangazi na vijiji vilivyozama

Kila ifikapo Juni, wavuvi wa ndoana katika maziwa ya Marion na Moultrie, jimboni South Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, humwacha samaki aliyeyapa maji hayo umaarufu. Mwaka 2008 sheria ya jimbo hilo ilikataza kumvua samaki huyo, ambaye wenyeji humwita straipa, kuanzia tarehe mosi Juni hadi Septemba 30. Kwa miezi minne ya joto kali mvuvi hakuwa na ruhusa hata ya kumnasa na kumrudisha majini akiwa hai.

Mgeni anaweza kulishangaa katazo hilo. Kiangazi cha huko, yaani Juni hadi Agosti, ndicho kipindi ambacho shule zimefungwa, familia ziko mapumzikoni na mashua zimejaa ziwani. Iweje sheria imfungie mvuvi mlango katika siku zake bora za mwaka?

Jibu limo katika historia ya maziwa yenyewe. Hayakuumbwa na mvua wala na tetemeko la ardhi. Yalitengenezwa na binadamu, kwa haraka, vita vikiwa mlangoni, na gharama yake haikulipwa na wote kwa usawa. Samaki anayelindwa leo alijikuta humo kwa bahati, na watu waliokuwa wakiishi mahali maji yalipo leo walitakiwa kuondoka.

Mto kabla ya ziwa

Mto Santee huanza pale mito miwili, Congaree na Wateree, inapokutana kusini-mashariki mwa Columbia, mji mkuu wa South Carolina. Kutoka hapo huteremka polepole kupitia mabwawa ya asili na misitu ya misaipresi, miti mikubwa inayostahimili kusimama majini, hadi Bahari ya Atlantiki. Kusini yake upo mto mwingine mfupi, Cooper, unaomwaga maji yake katika bandari ya Charleston.

Fikra ya kuiunganisha mito hiyo miwili ni ya zamani. Kati ya mwaka 1793 na 1800 ulichimbwa Mfereji wa Santee, wenye urefu wa maili 22, ili mazao ya bara, hasa pamba, yafike Charleston bila kupitia mdomo wa mto uliokuwa wa hatari. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa mhandisi John Christian Senf. Waliochimba kwa majembe na sululu, wengi wao, walikuwa Waafrika waliokuwa watumwa, waliokodishwa na mabwana zao kutoka mashamba ya jirani. Ukame uliukausha mfereji mara kadhaa, na reli ilipofika katikati ya karne ya 19, kazi yake ikaisha.

Bonde hilo lina majina makubwa katika historia ya Marekani. Francis Marion, kiongozi wa wapiganaji wa msituni dhidi ya Waingereza katika vita vya uhuru, alikuwa na shamba lake kando ya mto huo, na ziwa kubwa lilipewa jina lake. Ziwa la pili lilipewa jina la Jenerali William Moultrie, aliyepigana vita hivyo hivyo na baadaye akawa gavana. Ni kinaya cha historia kwamba shamba la Marion, liitwalo Pond Bluff, leo limo chini ya maji ya ziwa linalomuenzi.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi wa waliokuwa watumwa walibaki bondeni humo. Baadhi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Wengine walijinyima wakanunua vipande vyao wenyewe. Mto uliwapa kitoweo: kambare, samaki wadogo wapana wafananao kwa umbo na perege, na katika majira ya machipuko samaki wa baharini waliopanda mto kutaga mayai. Mwanzi mrefu, mshipi, ndoana na funza vilitosha kulisha nyumba. Mbu nao walikuwa wengi, na malaria ilikuwa ugonjwa wa kawaida kama ilivyo katika mabonde mengi ya Afrika Mashariki.

Umeme kwa gharama ya ardhi

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mdororo mkuu wa uchumi uliikumba Marekani, na South Carolina ilikuwa miongoni mwa majimbo maskini kabisa. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka. Katika nchi nzima, takriban mashamba tisa kati ya kumi hayakuwa na umeme, kwani kampuni binafsi hazikuona faida ya kupeleka nyaya vijijini.

Mwaka 1934 Bunge la South Carolina liliunda shirika la umma la kuzalisha umeme, ambalo baadaye lilikuja kujulikana kwa jina la Santee Cooper. Mpango wake ulikuwa kuuziba Mto Santee kwa boma refu la udongo, kuyageuza maji yaelekee Mto Cooper, kisha kuyaangusha kwenye mitambo ya umeme huko Pinopolis. Rais Franklin Roosevelt aliuunga mkono kama sehemu ya juhudi zake za kuwapa kazi watu wasio na ajira. Kampuni binafsi za umeme ziliupinga mahakamani hadi mwaka 1938, zikashindwa. Kazi ikaanza Aprili 1939.

Ulikuwa mradi mkubwa mno kwa kipimo cha siku zile. Ulipofikia kilele ulikuwa na wafanyakazi zaidi ya 12,000. Misitu ilifyekwa kwa misumeno ya mkono na mashoka, maboma na tuta za urefu wa maili 42 zikajengwa, na huko Pinopolis kikajengwa chumba cha kupandishia na kuteremshia mashua kwa futi 75, mojawapo ya vile virefu kabisa duniani kwa wakati huo. Kwa wengi wa vibarua hao, weusi na weupe, ule ulikuwa mshahara wao wa kwanza wa uhakika kwa miaka kadhaa.

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa ardhi. Familia zaidi ya 900 zilitakiwa kuhama, na wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Mwenye hati alilipwa bei iliyopangwa, lakini mkulima wa kugawana mavuno hakuwa na hati, kwa hiyo alichopoteza hakikuwa na thamani katika vitabu vya serikali. Makanisa yalibomolewa. Makaburi zaidi ya 6,000 yalihamishwa. Majumba ya kale ya mabwana wa mashamba yalipigwa picha na kuchorwa ramani na wataalamu kabla ya kuangushwa, ili kumbukumbu yake ibaki. Vibanda vya wale waliofanya kazi katika mashamba hayo havikupata uangalifu wa namna hiyo.

Milango ya boma ilifungwa Novemba 1941. Mwezi uliofuata Japani ilishambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Umeme ulihitajika upesi kwa viwanda vya kijeshi, na hapakuwa tena na muda wala watu wa kumaliza kufyeka misitu. Sehemu ya juu ya Ziwa Marion iliachwa ijae maji miti ikiwa imesimama. Februari 1942 mitambo ya Pinopolis ikatoa umeme wake wa kwanza.

Hivyo ndivyo yalivyozaliwa maziwa mawili yanayounganishwa na mfereji: Marion lenye eka zipatazo 110,000, kubwa kuliko yote jimboni, na Moultrie lenye eka 60,000. Msafiri anayetoka Washington kwenda Florida kwa barabara kuu ya Interstate 95, na miongoni mwao siku hizi wamo wazungumzaji wengi wa Kiswahili, huvuka Ziwa Marion kwa dakika chache. Akitazama majini huona vigogo vya misaipresi vilivyokauka. Hiyo ndiyo misitu ambayo vita haikuipa nafasi ya kukatwa.

Mashua ya kwenda shule

Maji yalipopanda yalizika pia njia za watu. Katika wilaya ya Clarendon, ukingo wa kaskazini wa Ziwa Marion, jamii ya watu weusi iitwayo Jordan ilijikuta imetengwa na shule ya watoto wao. Maji yalipofunika njia, watoto walilazimika kupiga kasia kuvuka ili wafike darasani. Kwingineko wilayani humo wapo waliotembea hadi maili tisa kwa safari moja. Watoto weupe walikuwa na mabasi yapatayo 30. Watoto weusi hawakuwa na hata moja.

Wazazi walichanga fedha wakanunua basi kuukuu, lakini lilikuwa likiharibika kila mara. Walipoomba msaada wa wilaya, waliambiwa kwamba watu weusi hawalipi kodi ya kutosha kustahili basi. Mkulima mmoja, Levi Pearson, kwa kutiwa moyo na Mchungaji Joseph De Laine, alifungua kesi mwaka 1948. Ilitupwa kwa hoja kwamba mpaka wa kodi ya shamba lake haukulingana na ule wa shule ya watoto wake. Pearson alinyimwa mikopo na wafanyabiashara, na mazao yake yakakosa wa kuyavuna.

Wanakijiji hawakurudi nyuma. Kesi mpya ilifunguliwa ikiongozwa na jina la Harry Briggs, mwanajeshi wa zamani wa majini aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha mafuta. Wakili wao alikuwa Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Sasa hawakuomba basi tena. Waliomba kukomeshwa kwa ubaguzi shuleni. Mwaka 1951 majaji wawili kati ya watatu huko Charleston waliwakatalia, lakini wa tatu, Waties Waring, aliandika kwamba kuwatenganisha watoto kwa rangi ni ukosefu wa usawa wenyewe.

Kesi hiyo, Briggs dhidi ya Elliott, iliunganishwa na nyingine nne. Mei 17 mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu maarufu ya Brown, iliyotangaza kwamba shule za kibaguzi ni kinyume cha katiba. Ushindi huo ulikuwa na bei. Briggs na mkewe Eliza walifukuzwa kazi. Kanisa la Mchungaji De Laine lilichomwa moto mwaka 1955, nyumba yake ikapigwa risasi, naye akakimbilia New York. Hati ya kumkamata haikufutwa rasmi hadi mwaka 2000, miaka mingi baada ya kifo chake.

Ni mara chache bwawa la umeme kuwa na sehemu, hata kama ni ndogo, katika historia ya haki za binadamu. Kwa watoto wa Jordan, ziwa ambalo wengine walilitazama kama neema ya umeme na uvuvi lilikuwa maji ya kuvuka kila asubuhi kwa hofu.

Samaki aliyenaswa

Wakati watu wakihamishwa, kiumbe mwingine alikuwa amefungiwa ndani. Straipa ni samaki wa fedha mwenye mistari myeusi inayokwenda kutoka nyuma ya mashavu hadi karibu na mkia, na anaweza kufikia uzito wa mtoto wa miaka kumi. Kwa kawaida huishi baharini na kupanda mito ya maji baridi katika majira ya machipuko kutaga mayai. Boma lilipofungwa, kundi lake lilibaki upande wa juu, na haikutazamiwa kwamba litadumu bila kuiona bahari.

Miaka ikapita na samaki hawakwisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 wavuvi walikuwa wakiwatoa kwa wingi, wakiwamo wadogo ambao bila shaka walizaliwa baada ya boma kujengwa. Katikati ya miaka ya 1950 wanabiolojia walithibitisha kwamba straipa wa Santee Cooper walikuwa wakizaliana katika maji yasiyo na chumvi. Siri yao ilikuwa mito ya juu. Yai la straipa halipaswi kuzama. Huhitaji kuelea katika maji yanayokwenda kwa muda wa siku mbili hivi hadi lianguliwe, na likitulia chini kwenye tope hufa. Mito ya Congaree na Wateree, ambayo haikuzibwa mara moja juu ya ziwa, ilikuwa na mwendo na urefu uliotosha.

Habari hizo ziliwashangaza wataalamu wa nchi nzima, kwani mabwawa mapya yalikuwa yakijengwa katika majimbo mengi na yalihitaji samaki mkubwa wa kuwala wale wadogo waliojaa humo. Mwaka 1961 kikajengwa kituo cha kutotolesha samaki mjini Moncks Corner, chini ya boma la Pinopolis. Mwanzoni kazi ilikuwa ngumu, kwani majike waliokamatwa hawakuachia mayai. Mwanabiolojia Robert Stevens akagundua kwamba jike akidungwa homoni hukomaza mayai yake, na kwamba kwa kuchota mayai machache kwa mrija mwembamba na kuyatazama kwa darubini mtaalamu anaweza kukisia yamebakiza saa ngapi. Saa moja ya kuchelewa ilitosha kuyaharibu.

Kutoka kituo hicho vifaranga wa straipa walisafirishwa kwenda mabwawa ya majimbo mengi ya Marekani. Hapo hapo, mwaka 1965, alipatikana kwa mara ya kwanza chotara wa straipa na samaki mwingine wa maji baridi, ambaye siku hizi hufugwa katika mashamba ya samaki na kuuzwa hotelini. Mwaka 1972 South Carolina ilimtangaza straipa kuwa samaki rasmi wa jimbo.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anaweza kumkumbuka sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Naye alikuwa samaki mkubwa mlaji wa wenzake, akaleta biashara kubwa ya kusafirisha minofu, lakini akachangia kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo wa asili. Tofauti ni kwamba Victoria ni ziwa la kale lenye viumbe vyake wasiopatikana kwingine, ilhali Marion lilikuwa maji mapya juu ya mashamba ya pamba. Hata hivyo somo la maziwa yote mawili ni moja: binadamu akishauingilia mpangilio wa maji, hawezi kuacha kuusimamia.

Usiku wa kambare

Sifa ya maziwa hayo ilienea, na kando yake zikaota kambi za uvuvi, maduka ya chambo, nyumba za kukodisha na waongozaji wenye mashua. Julai 1964 kambare wa ratili 58, yaani kilo 26 hivi, alivuliwa humo na kuandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa aina yake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 aina nyingine za kambare, kubwa zaidi, ziliingizwa majini. Leo kambare wa buluu wa kilo 20 au 30 si jambo la ajabu.

Kambare ndiye mfalme wa kiangazi. Joto linapozidi mchana, wavuvi hungoja jua lizame. Huacha mashua iyumbe polepole na upepo huku mishipi kadhaa ikiburuta chambo karibu na sakafu ya ziwa. Chambo kinachopendwa ni vipande vya samaki wadogo wa jamii ya dagaa, wanaopanda kutoka baharini kila machipuko. Tangu miaka ya 1950 chumba cha kupandishia mashua cha Pinopolis kimekuwa kikifunguliwa makusudi ili kuwapitisha samaki hao, na chakula cha ziwa zima hutegemea ukarimu huo wa lango.

Kwa miaka mingi starehe hizo hazikuwa za wote. Mtu mweusi alivua kutoka ukingoni, darajani au kwenye shamba la ndugu yake, lakini hifadhi nyingi za jimbo zenye fukwe, vibanda na magati zilikuwa za weupe. Mwaka 1963 mahakama iliamuru ubaguzi huo ukomeshwe. Jimbo liliona afadhali kuzifunga hifadhi zote kuliko kuzifungua kwa kila mtu, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi mwaka 1966. Katika muda huo mvuvi wa mwanzi aliendelea kuvua kama alivyovua baba yake, kwa ajili ya mlo wa jioni.

Gharama za kugeuza mto

Maji nayo yalidai haki yake. Mto Cooper, uliokuwa mdogo, ulipopokea maji mengi ya Santee ulianza kubeba tope hadi bandari ya Charleston, na gharama ya kuichimba bandari ikapanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1985 Jeshi la Wahandisi la Marekani lilikamilisha mfereji wa kuyarudisha maji mengi kwenye Mto Santee, pamoja na lifti ya kupandishia samaki huko St. Stephen. Kwa maneno mengine, miaka 44 baada ya kuugeuza mto, binadamu alilazimika kuugeuza tena.

Kisha likaja gugu la majini kutoka ng'ambo, hydrilla, lililoziba maelfu ya eka na kukwamisha mashua. Kuanzia mwaka 1989 mamia ya maelfu ya samaki walao majani, wenye asili ya Asia na waliotayarishwa ili wasizaliane, walimwagwa ziwani kulila. Gugu likapungua, ingawa wapo wavuvi waliolalamika kwamba pamoja nalo yalitoweka maficho ya samaki wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 straipa wakaanza kupungua. Wavuvi wazoefu walitoka asubuhi na kurudi na ndoo tupu. Sababu mojawapo ilikuwa joto lenyewe. Maji ya juu ya maziwa hayo yenye kina kifupi hufikia nyuzi 30 za Selsiasi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Straipa mkubwa hutafuta ubaridi kilindini, lakini huko nako oksijeni huisha kiangazi kinapokolea. Hubanwa katika tabaka jembamba la maji, amechoka. Akinaswa na kupandishwa juu, hata akirudishwa kwa upole na kuonekana akiogelea, huweza kufa baada ya saa chache bila mvuvi kujua.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2008 haikuishia kupunguza idadi ya samaki wanaochukuliwa na kuweka kipimo cha urefu. Iliifunga kabisa miezi ya joto, na kuwataka hata wale wanaovua kwa kujifurahisha tu na kuwarudisha samaki wao wamwache apumzike. Wenye kambi na waongozaji waliingia hofu ya kupoteza wateja wa likizo. Wengi wao waligeukia kambare.

Yanayoonekana maji yakipungua

Ukame wa mwaka 2007 na 2008 uliyashusha maji ya Ziwa Marion kiasi cha kuonyesha visiki na ardhi ambayo haikuwa imeona jua kwa miaka mingi. Kwa mvuvi, hayo yalikuwa mafunzo ya mahali pa kutupia ndoana mvua zitakaporudi, kwani kambare hupenda kujificha penye mashina ya zamani. Kwa mzee ambaye wazazi wake walihamishwa mwaka 1940, yalikuwa ni mabaki ya nyumbani kwao.

Wilayani Clarendon, watu wa Jordan na Summerton walisubiri muda mrefu zaidi kutambuliwa. Mwaka 2004 medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani ilitolewa kwa heshima ya Mchungaji De Laine, Harry na Eliza Briggs na Levi Pearson, wote wakiwa wamekwisha kufariki dunia. Waliipokea watoto wao.

Kiangazi kinapofika, jua likishazama nyuma ya misaipresi iliyokufa, taa za mashua huanza kuwaka moja moja juu ya Ziwa Marion. Wanaovua ni weusi na weupe, wenye mashua za mamilioni na wenye mwanzi mmoja ukingoni. Chini yao, katika maji ya baridi kidogo yaliyobaki, straipa anangoja Oktoba. Na chini zaidi, katika tope, zimelala njia za vijiji ambazo ramani za leo hazizionyeshi.